Kabla Hamjagawa Pwani, Pimeni Njia

Ujumbe wa sauti wa mama yangu una mpangilio wake. Kwanza salamu, kisha anauliza baridi, kisha wajukuu mmoja mmoja kwa majina, ndipo aje kwenye lililomfanya ashike simu. Wiki mbili zilizopita alianza na neno moja tu: "Wamefunga." Nilikuwa kazini, zamu ya usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Maplewood, mji mdogo unaopakana na Saint Paul katika jimbo la Minnesota. Nilisimama ukumbini, simu sikioni. Sikuhitaji kuuliza wamefunga nini, maana tangu mwaka jana maneno yalikuwa yakipita kwamba watafunga.

Kilichofungwa ni kijia cha mchanga huko kwetu Jambiani, mashariki ya Unguja. Ni chembamba: watu wawili wakipishana, mmoja hana budi kugeuka ubavu, hasa kama kajitwika mzigo. Kinaanzia barabara ya kijiji, kinapita nyuma ya kisima cha zamani, kinaingia minazini, mara unaiona bahari. Bibi yangu alikipita na makumbi, mama na mwani, sisi watoto tukikimbilia kupokea madau ya wavuvi. Sasa upande mmoja pana uzio wa makuti, upande wa pili ukuta wa mawe, na katikati geti la mbao lenye mlinzi. Mlinzi ni kijana wa kijiji cha jirani, na adabu anayo. Anamwambia mama yangu, mwanamke wa miaka 72, "Samahani bibi, nimeamrishwa. Zungukeni kule." Kule, kwa mtu wa umri wake, ni karibu nusu saa juu ya mawe, na gunia la mwani mbichi likimchuruzikia maji ya chumvi mgongoni.

Hoteli yenyewe sitaitaja. Ingekuwa ni moja, wazee wangekwenda kuzungumza na mwenyewe na mambo yakaisha kwa chai. Lakini nimekulia pwani hiyo, nimeziona njia zikipotea moja moja tangu miaka ya tisini, na hakuna hata siku moja aliyetoka mtu akasema, "Leo tunauza njia." Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali. Mwanakijiji hauzi ardhi, anauza vilivyo juu yake. Mwekezaji akija, minazi huhesabiwa mmoja mmoja, msingi wa nyumba huhesabiwa, kisima huhesabiwa. Njia haihesabiwi, kwa sababu haizai nazi na haina mwenyewe. Mzee mwenye minazi kumi na nane analipwa minazi kumi na nane, anatia sahihi, na kijia kilichokuwa kikipita katikati ya minazi hiyo, ambacho familia arubaini zilikuwa zikikitumia, kinakwenda bure pamoja na kivuli.

Niseme kidogo juu ya makumbi, maana hata watu wa mjini siku hizi hawaijui kazi hii. Nazi ikishafuliwa, kumbi halikuwa likitupwa. Wanawake walilibeba hadi pwani maji yakiwa yamekupwa, wakachimba shimo kwenye mchanga wenye tope, wakalizika humo na kuweka mawe juu ili mawimbi yasilichukue. Likakaa huko kwa miezi, likioza taratibu ndani ya maji ya chumvi. Siku ya kulifukua linatoka jeusi, laini, na harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Hapo ndipo linapopondwa kwa rungu juu ya jiwe mpaka nyama yote iondoke zibaki nyuzi, zikaoshwa baharini, zikaanikwa, zikageuka rangi ya asali. Huo ndio usumba. Bibi alikuwa akikaa barazani baada ya alasiri, anasokota kamba kwa viganja viwili bila kuvitazama, huku akizungumza na wapita njia. Kamba hizo zilifunga mapaa, zilitanda vitanda, zilishikilia ngalawa kwenye nanga. Na kila mwanamke alilijua shimo lake kwa mawe yake. Nilikuwa na umri wa miaka saba nikiweza kukuonesha lipi la bibi, lipi la Bi Mkubwa wa nyumba ya tatu, lipi la marehemu ambaye binti zake walikuwa hawajaamua nani alirithi.

Wageni walipoanza kuja kwa wingi, harufu ikawa tatizo. Halikutoka tangazo la kuyakataza mashimo. Aliombwa tu mmoja asogeze lake kidogo, mwingine akaambiwa kwa upole kwamba wageni wanaziba pua, mwingine alikuja akakuta mawe yake yamekusanywa yakajengewa ngazi. Mahali ulipokuwa mstari wa mashimo ya ukoo wetu leo pana vitanda vya kuota jua, nyuzi zake za plastiki.

Mwani ulipoingia mwaka 1989, ukaanzia huku kwetu, Paje na Jambiani, mama alikuwa miongoni mwa waliowahi kupiga vijiti na kufunga vikamba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wengi wa pwani ile kushika fedha walizozipata wenyewe. Daftari zangu za skuli zilitoka humo. Kisha maji yakazidi joto, ile mbegu yenye bei nzuri ikawa inakufa kwenye kina kifupi, bei ya iliyobaki ikawa ya kuvunja moyo. Huko Paje wakaja pia wacheza kaiti, ambao upepo na maji wanayoyataka ni yale yale ya mashamba ya mwani, na ubao unaopita kwa kasi juu ya vikamba hauna habari na mwenye shamba. Wanawake wengi wameacha. Mama hajaacha. Ndiyo maana geti lile limemgusa yeye kabla ya wengine.

Nisieleweke vibaya. Utalii umenilisha. Kaka yangu ni mpishi wa hoteli, tena mpishi mzuri, na nauli ya kwanza iliyonileta huku ilitoka kwenye mshahara wake. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, wakati wakazi wake wote, kwa sensa ya 2022, ni takriban milioni 1.9. Fedha hizo zimesomesha watoto, zimeleta lami na umeme. Anayesema tuwafukuze wageni hajawahi kukaa kijijini msimu wa masika, hoteli zimefunga, vijana wamejaa vibarazani bila kazi. Mimi nadai njia tu.

Na nadai nikiwa na mfano wa kuonesha, kwa sababu huku nilikofika, jambo la mwisho nililotarajia kufundishwa lilikuwa la ufukwe.

Minnesota iko katikati ya bara. Bahari iko mbali sana, baridi inafika pale kope zinaposhikana. Lakini ni nchi ya maziwa. Hata vibao vya magari vimeandikwa maziwa 10,000. Kutoka ninapokaa, karibu na Frost Avenue, natembea kwa miguu hadi ziwa Phalen, ambalo sehemu kubwa yake iko Saint Paul na ncha yake ya kaskazini inagusa kwetu Maplewood. Jumapili ya kwanza ya Julai nilipokwenda na watoto, nilivaa vizuri na nikaweka fedha kwenye pochi, nikijua mlangoni tutalipa. Nikatafuta mlango. Hapakuwa na mlango. Nilimwuliza mama mmoja wa Kihmong, aliyekuwa anachoma nyama kwenye jiko la mkaa na wajukuu wamemzunguka, tiketi zinauzwa wapi. Hakunielewa, akadhani naomba chakula, akanikatia kipande cha nyama na wali wa kunata. Tulikaa mpaka jua likazama. Palikuwa na Wakaren kutoka Burma, Wasomali, Wamexico, Wazungu wazee na mbwa wao, na sisi. Kuna njia inayolizunguka ziwa zima, na hakuna nyumba hata moja iliyoikata kwenda kwenye maji.

Nilidhani ni bahati. Baadaye nikajifunza kwamba ni kazi ya watu. Mwaka 1883, Minneapolis, mji pacha wa Saint Paul, uliunda bodi yake ya bustani, na mtaalamu mmoja wa mandhari, Horace Cleveland, akawaandikia kuwasihi wanunue ardhi ya kando ya maji mapema, kabla bei haijapanda na mji haujajaa. Kingo za maziwa zikawa mali ya mji, na wenye viwanja vya jirani, ambao thamani ya mali yao ingepanda kwa kuwa karibu na bustani, wakatozwa sehemu ya gharama. Saint Paul ikaanza kununua ardhi ya Phalen mwaka 1899. Wakati ule hapo palikuwa pembezoni mwa mji, vichaka na mbu. Aliyepita akiona serikali inatoa fedha kwa ajili ya vichaka bila shaka alitikisa kichwa.

Sisemi kwamba watu hawa ni malaika. Ardhi hii yote ya mashariki ya mto Mississippi ilikuwa ya Wadakota, ikatoka mikononi mwao kwa mkataba wa 1837, na kuitwa kwake "ya umma" kulikuja baada ya umma wa kwanza kuondolewa. Ziwa moja la Minneapolis, lililokuwa likiitwa Calhoun kwa jina la mwanasiasa mtetezi wa utumwa, lilirudishiwa jina lake la Kidakota, Bde Maka Ska, mwaka 2018 tu, tena kwa mabishano yaliyofika Mahakama ya Juu ya jimbo. Nayasema haya kwa sababu mtu wa pwani anajua uchungu wa mahali kubaki na uzuri wake wakati wenyewe hawapo.

Na huku huku upo mfano wa pili, wa kinyume. Ukiendesha gari dakika kumi na tano kuelekea kaskazini kutoka Maplewood, unafika ziwa White Bear. Reli kutoka Saint Paul ilifika huko mwaka 1868, na ziwa likageuka mahali pa mapumziko. Hoteli za mbao zikasimama, watu wa mjini wakaja na mabegi yao kukaa msimu mzima wa joto. Baadaye kampuni ya tramu ya miji hii ikaendesha uwanja wa burudani ulioitwa Wildwood kando ya ziwa hilo, ili watu wapande tramu zake hata Jumapili. Mwandishi F. Scott Fitzgerald, mzaliwa wa Saint Paul, alikaa huko kwenye klabu ya mashua kiangazi cha 1922, na hadithi yake ya mwaka huo, "Winter Dreams," inaanza na kijana anayewabebea matajiri vyombo vyao vya gofu kwenye ziwa linalofanana sana na hilo.

Hoteli zile hazipo. Wildwood ilifungwa miaka ya thelathini. Na utalii ulipoondoka, ufukwe haukurudi kwa watu. Ulibaki kwa walionunua. Nyumba kubwa zimelizunguka ziwa kiwanja kwa kiwanja, kila moja na gati lake la mbao; kuna kisiwa kizima, Manitou, ambacho ni cha wakazi wake peke yao, daraja lake si lako wala langu. Palipobaki kwa mtu wa kawaida pako, lakini ni padogo, na siku ya joto kali mnabanana kama dagaa. Hilo ndilo linalonitisha ninapowaza Jambiani. Tunazungumza kana kwamba hoteli ndiyo mwisho wa habari. Hoteli huja na kuondoka, mitindo ya wageni hubadilika, kampuni hufilisika, lakini ukuta ukishasimama na njia ikishasahauliwa, anayerithi ni mwenye ukuta.

Januari iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinichukua White Bear kwenda kuvua samaki kwenye barafu. Tuliingia kupitia gati la umma, tukatembea juu ya ziwa. Nilimshika mkono kwa nguvu hatua za mwanzo. Akanieleza kwamba barafu ya inchi nne hubeba mtu, na pale ilikuwa zaidi ya futi. Tukaenda mpaka tukawa mbele ya nyumba zile kubwa, karibu kiasi cha kuona taa za mezani. Akatoboa tundu, tukakaa juu ya ndoo. Nilikuwa nageuka nyuma kila mara nikisubiri mlinzi. Akacheka, akaniambia kwamba kwa sheria ya hapa maji ya ziwa ni ya umma, na yakiganda ni ya umma vile vile. Ukishaingia kwa njia ya halali hakuna wa kukuuliza umekaa mbele ya nyumba ya nani.

Nikakumbuka kwetu maji yanapokupwa. Wakati wa bamvua bahari ya Jambiani inarudi nyuma mpaka kwenye mwamba, na inaacha uwanja mkubwa wa mchanga ambao hakuna hoteli iliyouandikia hati. Wanawake wanasambaa na michokoo kutafuta pweza, watoto wanaokota tondo, na mgeni aliyelala kitandani anawatazama kwa mbali kama nukta. Uwanja ule ni wetu bado. Lakini lazima uushukie mahali. Ziwa White Bear lote ni la umma na sisi tuliingilia mlango mmoja. Mlango ule ungefungwa, umma wote ungebaki barabarani ukitazama maji yake. Mama yangu anayo bahari nzima, na hana pa kupitia.

Ndiyo maana sheria zetu za umbali hazitoshi, ingawa nazishukuru. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Lakini ukanda huo unaufuata ufukwe, haugusi njia za kuufikia. Unaweza kuwa na mita 60 safi kabisa, hakuna tofali, na pasiwe na upenyo hata mmoja wa kuzifikia kwa urefu wa kilomita nzima. Dar es Salaam bado wanayo Coco Beach, ambako mtu mwenye nauli ya daladala na fedha ya mihogo ya kukaanga anakaa mbele ya bahari sawa na balozi, na kila pakitajwa mradi wa kuigeuza watu wanapiga kelele, na wanafanya vyema. Mombasa wana ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, wenyewe wanauita Pirates, uliobanwa na hoteli huku na huku, na siku ya Idi ukiuona utajua umma unavyohitaji bahari. Sehemu hizo zilibaki wazi kwa sababu zina jina na watu wanalijua. Vijia vya vijijini havina jina kwenye karatasi yoyote.

Wawekezaji wana hoja yao na nimeisikia kwa masikio yangu: papasi. Wanasema njia ikiwa wazi vijana wanashuka, wanawasumbua wageni kwa vinyago na safari za pomboo, mgeni anarudi kwao na kuandika mabaya. Ni kweli papasi wanasumbua. Lakini papasi hawazuiwi na geti. Wanatembea ufukweni kutoka mbali, hawana mwani kichwani, nusu saa kwao si kitu. Geti linamzuia bibi. Kama tatizo ni biashara isiyo na mpangilio, wapangiwe meza na zamu, watambuliwe. Isiwe adhabu ya kijana ikamwangukia mwanamke mwenye gunia.

Ninaloliomba ni dogo na halina gharama ya kutisha. Kabla mkataba mwingine haujatiwa sahihi, na kabla wa zamani haujaongezwa muda, sheha na wazee wa kila shehia ya pwani watembee na wapima ardhi kwenye kila njia inayoshuka baharini, kila diko la madau, kila mahali palipokuwa na mashimo ya makumbi. Ipigwe bikoni, iandikwe upana wake, ramani ibandikwe kwenye ofisi ya sheha mahali pa kuonekana, na nakala akabidhiwe mwekezaji siku anayooneshwa kiwanja, aamue kujenga akijua watu watapita. Akitaka kuisogeza njia, aiombe kwa kijiji, na aitengeneze mpya kabla hajagusa ya zamani. Minnesota walifanya hivyo mbu wakiwa bado wengi kuliko watu. Sisi tumechelewa, ila pale Jambiani bado pamebaki vipande vya kuokoa, na kusini ya Unguja na Pemba bado pana vingi.

Jana nilimpigia mama, nikamwambia anitajie njia zote za upande wetu alizozijua akiwa msichana, niziandike nimpelekee mpwa wangu azipeleke kwa sheha. Alifurahi. Nilisikia anakaa vizuri, anavuta mkeka. Akaanza kuzitaja akitoka kusini: ya kisimani, ya msikitini, ya madau, ya kwa fundi, ya skuli, ya mkwaju. Nikaandika sita. Nikamwuliza, hii ya mkwaju bado ipo? Akanyamaza kidogo.

"Mkwaju upo," akasema. "Uko ndani ya ukuta. Kusi likivuma tunaokota ukwaju huku nje."